Neno la Bushiri Juu ya Ngazi

Siti Bushiri,
S.L.P. 20417,
Dar es Salaam.
27 Aprili 1971

Wifi yangu mpendwa, Da Mwanamkuu,

Shikamoo. Naitanguliza shikamoo hii ikae hapo juu peke yake, maana sijui ukishamaliza kusoma kama utapenda kuiitikia. Lakini mimi nilifunzwa kuamkia kabla ya kusema haja, na leo sitaanza utovu wa adabu.

Je, hujambo? Goti la kushoto linaendeleaje? Ulisema hospitali wamekupa mafuta ya kuchua asubuhi na jioni. Nakujua, umeshampa jirani nusu chupa na wewe unajikaza. Chua goti, wifi yangu. Na Shemeji Zahoro, kile kikohozi chake kimekwisha, au bado anasingizia vumbi la Ujiji huku kiko cha tumbaku kimemkaa mkononi?

Sisi huku mwili ni mzima, tunamshukuru Mola. Mboni ametimiza miaka saba, ameng'oka meno mawili ya mbele, na akisema "shangazi" unatoka upepo mtupu. Dagaa uliompa yule karani wa reli walifika salama. Tumewala kwa ugali, kwa wali, mpaka kwa mhogo, na mtoto bado anauliza shangazi atatuma wengine lini.

Masika yameshika. Mtaa wetu wa Narung'ombe ni tope hadi vizingitini, na watu wanapita wamekunja suruali. Barazani hakuna habari nyingine ila majumba yaliyotaifishwa wiki iliyopita. Kila mtu amekuwa mwanasheria. Sisi nyumba yetu ya bati lenye kutu haijaitia Serikali tamaa, kwa hiyo tumelala salama.

Sasa niseme lililonikalisha kitako.

Ile barua uliyomwandikia Mzee Sadalla, balozi wetu wa nyumba kumi, ilisomwa mbele ya watu. Nililisikia kila neno, maana nilikuwa nimekaa mlangoni nashona kofia. Uliandika kwamba umesikia mtaa unataka kutundika tena taa za Maulidi, na kwamba umeme utavutwa tena kutoka dukani kwa Gaudens. Ukaandika, "Mkono uliomwua ndugu yangu usiguse hata taa moja ya Maulidi." Mzee Sadalla alipofika hapo akarudia mara mbili, na watu wakatikisa vichwa kukubali.

Sikulaumu. Maziko hukuyawahi. Simu ilikufikia tumeshamweka kaburini, na gari moshi ni siku mbili. Ulichonacho ni maneno ya watu, na watu wanasema Mchaga mwenye duka ndiye aliyefungua umeme wakati Bushiri yuko juu ya ngazi.

Si kweli. Wifi yangu, aliyefungua ni mimi.

Nimeandika hapo juu, nikaweka kalamu, nikaenda uani kuosha uso. Nimerudi, na maneno bado yapo. Basi niendelee.

Unajua mwenyewe kwamba taa za Maulidi zilikuwa kazi ya baba yenu kabla ya kuwa za Bushiri. Baba yenu alitundika kandili. Bushiri alipoirithi kazi akasema zama zimebadilika, akatafuta glopu, akazipaka rangi nyekundu na kijani kwa brashi ya kupakia viatu. Nyumba yetu haina umeme mpaka leo, kwa hiyo kila mwaka alivuta waya kutoka dukani kwa Gaudens, ng'ambo ya barabara, ukapita juu hadi kwenye paa letu. Watoto walikuwa wakizihesabu. Zilikuwa arobaini na moja, na kila mwaka walibishana kuwa ni arobaini na mbili.

Waya wenyewe, wifi yangu, leo ndipo najua ulikuwa waya gani. Ulikuwa mwembamba, wa kufungia kengele za mlangoni, tena vipande vipande. Alivisokota kwa vidole, akazungushia kitambaa. Mwaka jana Gaudens alimwambia, "Bwana Bushiri, waya huu si wa kukaa mvuani. Tungoje fundi." Bushiri akacheka. "Tukingoja fundi, Maulidi yatasomwa gizani," akasema. Alikuwa dereva wa winchi bandarini. Mtu anayenyanyua marobota ya katani tangu asubuhi hadi jioni hawezi kuogopa kitu chembamba hivyo.

Ilikuwa baada ya alasiri. Mvua ilikuwa imekatika saa ile ile na ngazi bado inachuruzika maji. Bushiri alikuwa juu, upande wa nyumba yetu, anafunga glopu ya mwisho. Waya ulikuwa umeshikizwa na kamba, na ncha ya kamba hiyo ilifungwa kwenye nondo za dirisha la duka. Mimi nilisimama mlangoni pa duka. Kushoto kwangu kamba, kulia kwangu swichi. Gaudens alikuwa stoo, nyuma kabisa, anatoa gunia la maharage. Kabla ya kupanda, Bushiri alikuwa ameniambia, "Kaa hapo, Siti, usikilize nitakalokwambia." Nami nikakaa.

Sasa unamjua kaka yako. Neno lake kwa kila kitu lilikuwa hilo moja. Redio, fungua. Bomba, fungua. Dirisha, fungua. Na zile taa, kila mwaka zilipokwisha kutundikwa, alishuka, akasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni kama bwana harusi, akasema, "Haya, fungua!" Hakuwahi kusema "washa" hata siku moja. Wewe pia unasema hivyo hivyo, na mimi, na kila mtu aliyelelewa nyumba moja na nyinyi.

Akaita, "Fungua!" Nikatazama swichi. Nikasita, maana niliona bado yuko juu. Akaita tena, safari hii kwa jina langu, "Siti, fungua basi, mikono inaniuma!" Nikadhani mikono inamuuma kwa kushika glopu, ataka kuiona kama inawaka ndipo ashuke. Yeye alikuwa akitaka kamba. Waya ulikuwa umekazika mno, hakuweza kuufikisha kwenye msumari, alitaka niilegeze kamba.

Nikafungua swichi.

Zikawaka zote, wifi yangu. Nyekundu na kijani, mtaa mzima. Nataka ujue na hili, nisikufiche hata moja: nilifurahi. Nilipiga makofi. Kisha nikasikia ngazi.

Gaudens alitoka stoo mbio, akaruka gunia, akanisukuma nikaangukia mkekani, akaizima swichi kwa mkono wake. Watu walipoingia walimkuta yeye ameishika na mimi niko chini nalia. Mtu mmoja akapiga kelele, "Nani kafungua?" Gaudens akanitazama. Akasema, "Swichi ni yangu."

Hayo tu. Hakusema uongo, swichi ilikuwa yake kweli. Lakini watu walisikia walichotaka kusikia, na polisi walipokuja aliwaambia vile vile, duka langu, swichi yangu, waya ulikuwa mbovu nami niliuona. Wakamhoji siku mbili, wakaandika ni ajali, wakamwachia. Mtaa haukumwachia.

Mimi nilikuwa ndani, nakaa eda. Miezi minne na siku kumi sikukanyaga barabarani. Klara, mke wa Gaudens, alikuwa akiniletea mtori, ule mchuzi wao wa ndizi na nyama, kwenye chungu kilichofungwa kwa kitambaa. Majirani wengine walinikonyeza nisile chakula cha watu waliomwua mume wangu. Nilikula. Klara alikaa pembeni yangu, akaosha chungu, akaondoka. Alijua, wifi yangu. Mumewe alikuwa amemwambia usiku ule ule, naye akaendelea kuniletea mtori.

Utaniuliza mbona nilinyamaza. Mwanzo sikuweza kusema. Baadaye niliweza, nikaogopa. Uliandika kwamba Mboni aje Ujiji likizo ya Juni, ikiwezekana akae kabisa, asome huko, awe karibu na damu ya baba yake. Nikaona ukijua, utamchukua na hutanirudishia. Kila nilipofika ukingoni mwa kusema niliiona sura ya mtoto, nikameza. Nimemeza mwaka mzima. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na mimi kilichonila nimekishona mwenyewe kwenye nguo.

Eda ilipokwisha nilikwenda dukani. Nilimkuta Gaudens anapanga sabuni ambazo hakuna aliyekuja kununua. Nikamwambia nataka kusema kweli mbele ya watu. Akafunga mlango nusu, akasema, "Mama Mboni, acha hivyo hivyo. Mimi wakinikataa hapa, nina kwetu Kibosho. Wewe wakikukataa hapa, utakwenda wapi? Kwenu ni hapa hapa." Nilishukuru. Ni aibu kuandika, lakini nilishukuru, nikarudi nyumbani nikalala vizuri usiku ule.

Kisha ikaja barua yako. Asubuhi ya pili yake nikaona mkokoteni mlangoni kwa Gaudens. Wakatoa mizani, wakaifunika gunia. Wakatoa rafu. Klara akatoa chungu kile kile, amekishika mkononi, hakuuamini mkokoteni. Wifi yangu, hapo ndipo niliposhindwa.

Jumapili ya tarehe 18 Mzee Sadalla alikuwa amewaita watu tena kuzungumzia Maulidi, kwamba kama umeme wa Gaudens haukubaliki tutarudia kandili. Mimi nilisimama nyuma walikokaa wanawake. Nikasema, "Mzee, mnamtafuta aliyefungua umeme. Ni mimi. Bushiri aliomba kamba, mimi nikampa stimu."

Mzee Sadalla akauliza, "Mwanangu, una hakika na unalosema, au ni majonzi?" Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, kushoto kamba, kulia swichi. Mwingine kwenye jamvi akasema ni kudra ya Mungu, tusichimbe. Nikamjibu kwamba kudra naikubali, lakini mwaka mzima mmemnunia mtu, hamkuinunia kudra.

Gaudens alikuwa amesimama mlangoni kwake. Alivuka barabara, viatu vimejaa tope, akasema, "Mama Mboni, ungeniacha tu." Basi akalia. Mtu mzima, mbele ya jamvi la wazee. Mzee Sadalla alivua kofia, akaishika magotini. Wengine walinyanyuka mmoja mmoja wakaondoka. Toka siku hiyo wapo wanaoniamkia na wapo wanaoangalia pembeni. Siwahesabu.

Mzee ametoa uamuzi wake. Anasema yeye binafsi ameshaelewa, lakini neno lililomfungia Gaudens lilitoka kwa damu ya marehemu, basi na lifunguliwe na damu ya marehemu. Mpaka Ujiji iandike, taa hazitawaka. Mkokoteni umerudishwa, ila mizani bado iko chini ya gunia.

Hata hivyo kazi imeanza, kwa sababu Gaudens hataki tena jambo la kufanywa jioni ya mwisho. Amemleta fundi mwenye cheti, anaitwa Anaeli, Mpare, mtu mkali kama ticha. Siku ya kwanza aliuchukua waya wa Bushiri wote akaukatakata kwa koleo. Niliumia nilipouona, lakini sikumzuia. Ameleta waya mnene wenye ngozi ya mpira, mmoja mzima, hauna kiungo chochote barabarani. Umepita juu sana, lori la mbao likipita haliugusi. Glopu zote zimening'inia kichwa chini, maji ya mvua yasiingie kwenye holda. Penye kuunganisha ameunga ndani ya visanduku, akavizungushia tepu, akavitundika chini ya upenu pakavu, hakuna hata kimoja kinachogusa tope. Amechimbia nondo ardhini, akaifunga waya, anasema umeme ukipotea njia utashuka humo, hautapita kwa mtu. Na taa hizi zina fyuzi yao peke yao, mbali na ya duka.

Fyuzi hiyo ndiyo nataka kukueleza. Anaeli akitaka kupanda ngazi, kwanza anaing'oa fyuzi anaitia mfukoni mwa shati lake, anafunga kifungo. Huko juu anakuwa nayo yeye. Aliye chini hata akishika swichi, hata akisikia neno gani, hawezi kumdhuru. Nilisimama nikalitazama lile shati. Fyuzi yenyewe ni kitu kidogo kama kidole. Nilimuuliza kama mtu asiye fundi naye angeweza kufanya hivyo. Akasema, "Mama, mtoto anaweza." Ilibidi niingie ndani.

Ametukataza pia lile neno. Hapa mtaani, kwenye taa, hakuna tena "fungua" wala "funga". Ni "washa" na "zima", na hakuna kuwasha mpaka wote miguu iko chini na wameonekana kwa macho. Wazee wanajichanganya, wanaanza "fu" wanajikata. Bushiri na wenzake kule bandarini hawakuwa wakiitana kwa mdomo, maana mashine zinapiga kelele. Mtu wa chini huinua mkono, wa juu anaona. Nyumbani ndipo alipokuwa akitumia mdomo, kwa sababu nyumbani ni kimya na mkewe anasikia.

Nilisikia. Miaka kumi na moja ya ndoa aliniita nikaitika. Mara moja tu nilisita, ndiyo siku ile, alipoita mara ya kwanza. Laiti ningekuwa mke mkaidi. Wapo wanawake mtaa huu ukiwaambia fungua wanauliza nini, kwa nini, fungua mwenyewe. Mimi nilikuwa nikiwasengenya.

Wifi yangu, ninayo maombi, na moja siyo ombi.

Ombi langu ni la Gaudens. Mwandikie Mzee Sadalla, hata mistari miwili, kwamba umejua mkono haukuwa wake. Maulidi ni tarehe 7 Mei. Barua ikipanda gari moshi wiki hii itawahi. Mtu huyu amekaa mwaka mzima ndani ya jina baya ambalo si lake, na mimi ndiye niliyemwachia alibebe. Ukiwa na hasira, na unayo haki, nitolee mimi. Usimbakishe yeye hata siku moja zaidi.

La Mboni siombi. Ni mtoto wa kaka yako. Nimemwambia jana, kwa maneno madogo, nikiwa nimemshika mikono yote miwili. Akauliza, "Baba alijua ni wewe?" Nimemwambia sijui. Kwa kweli sijui, na ndilo swali ninaloamka nalo. Ukitaka aje Juni, nitamfungasha mwenyewe, na nguo zake zote, nimpandishe behewa. Ukitaka akae moja kwa moja, nijulishe mapema kidogo, nipate kumshonea sare.

Na kuhusu mimi nafsi yangu, sijui niombe nini. Msamaha wa damu hauombwi kwa stempu. Nimekwambia kwa sababu ulikuwa unamchukia mtu mwingine kwa ajili yangu, na chuki yako ni mali ya Bushiri, nisingeweza kuendelea kuitupa kwa asiyestahili.

Nisalimie Shemeji Zahoro, mwambie asome barua hii baada yako, si kabla. Nisalimie mwanao Mwanamvua, na mpe Bibi wa nyumba ya pili shikamoo yangu, ingawa sijui kama bado yuko hai. Mboni anakusalimu mara kumi, amehesabu mwenyewe. Gaudens na Klara hawakunituma salamu. Wanaona hawana ruhusa.

Mungu akulinde, akupunguzie maumivu ya goti, na amlaze kaka yako pema, mahali pasipo mvua.

Nimejaribu kusaini mara tatu. Nilikuwa nikiandika "wifi yako" bila kufikiri, na leo kalamu inagoma, kwa kuwa cheo hicho nilikipata kwa mtu niliyemuua, na aliyebaki mwenye kukitoa au kukinyang'anya ni wewe. Basi fanya hivi. Ukijibu, andika juu ya bahasha "Wifi Siti", au andika "Bi. Siti" tu. Nitaiona mkononi mwa karani wa posta, na nitakuwa nimejua kabla ya kuisoma. Yoyote utakayoandika, nitaibusu.

Anayekupenda, upende usipende,

Siti